Kwa nini madume wana chuchu ilhali hawanyonyeshi?

Mfugaji wa Kongwa
Ndugu zangu, kila ninapomshika beberu kumpaka dawa ya kupe huziona chuchu zake mbili ndogo, mbele kidogo ya korodani. Fahali anazo, mbwa dume ana safu mbili tumboni, nasi wanaume tunazo kifuani. Zina kazi gani? Nimewahi kuelezwa kwamba hapo kale madume nao walinyonyesha. Je, kuna ukweli?

Mwalimu wa Baiolojia
Ndugu Mfugaji, sababu imo katika utaratibu wa ukuaji tumboni. Kwa binadamu, mimba inapofikia wiki ya sita hivi, kiinitete huota mistari miwili ya ngozi iliyonenepa kutoka kwapani hadi kinenani, ambayo baadaye hutoweka karibu yote na kuacha sehemu mbili za kifuani zitakazokuwa chuchu. Ndiyo maana mtu anayezaliwa na chuchu ya tatu, awe mwanamume au mwanamke, kwa kawaida huwa nayo kwenye mstari huohuo. Wakati huo umbo la kiume na la kike bado ni moja. Ni baada ya hapo ambapo jeni ya SRY, iliyo katika kromosomu Y (ile ambayo kwa kawaida madume ndio huwa nayo) na iliyotambuliwa mwaka 1990, huanzisha uundaji wa korodani, nazo huanza kutoa testosteroni, homoni ya kiume, karibu na wiki ya nane, msingi wa chuchu ukiwa umeshawekwa.

Kuhusu madume wa kale kunyonyesha, Charles Darwin, mwanasayansi Mwingereza wa nadharia ya mageuko, aliligusia wazo hilo mwaka 1871, lakini halijapata ushahidi.

Daktari wa Mifugo
Naafikiana na Mwalimu, ila chuchu kuwahi kuota kabla ya homoni pekee hakutoshi kuwa maelezo, kwa sababu wapo madume ambao chuchu zao hufutwa. Panya dume hana chuchu hata moja: akiwa bado tumboni, testosteroni huzifanya seli zinazozunguka chipukizi la titi kulibana hadi likatike kutoka kwenye ngozi. Panya mwenye mimba akipewa dawa inayozuia homoni hiyo, watoto wake wa kiume huzaliwa na chuchu, na wachunguzi wa sumu hulitumia jambo hilo kupima kemikali zinazovuruga homoni. Farasi dume naye kwa kawaida hana. Kwa hiyo kuzifuta kunawezekana. Kwa wengi wetu haikutokea kwa kuwa chuchu hazimdhuru dume, na maelekezo ya kuziunda ni yaleyale ambayo jike hawezi kuyakosa.

Mfugaji wa Kongwa
Nashukuru sana, Daktari. Je, beberu anaweza kutoa maziwa?

Daktari wa Mifugo
Hutokea mara chache, homoni zake zinapobadilika. Kule Malaysia, mwaka 1992, walinaswa popo dume wanaokula matunda waliokuwa na maziwa matitini, ingawa haikuonekana kama waliwanyonyesha watoto.

Muuguzi
Niongeze linalotuhusu wanaume. Nyuma ya chuchu zetu kuna tishu halisi ya titi, nayo hupata saratani; takriban mgonjwa 1 kati ya 100 wa saratani ya matiti ni mwanamume. Wengi huchelewa hospitali kwa kudhani ni ugonjwa wa wanawake. Uvimbe mgumu usiouma chini ya chuchu, chuchu kuvutwa ndani au kutoa damu, ni mambo ya kumwonyesha daktari mapema.