Mawe ya makaburi ya Thessaloniki: yapelekwe makumbusho au yabaki yalipo?

Wakuu, kuna mchangiaji humu kasema mawe yote ya makaburi ya Wayahudi yaliyozagaa Thessaloniki yakusanywe yapelekwe Makumbusho ya Wayahudi ya mji huo, mjadala uishe. Napinga, japo si kwa kila jiwe.

Kwa ambao habari hii ni ngeni: Thessaloniki ni mji wa bandari kaskazini mwa Ugiriki. Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 walihamia huko kwa wingi, hata ikafika mahali bandari ikawa haifanyi kazi Jumamosi. Nje ya kuta za mji, upande wa mashariki, walikuwa na makaburi yanayokadiriwa kufika 300,000 au zaidi. Desemba 1942, chini ya utawala wa Wajerumani, manispaa ikayabomoa. Mwaka uliofuata Wayahudi zaidi ya 40,000 wakapakiwa kwenye treni kwenda Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland. Mawe yakawa mali ya ujenzi: yalisakafia njia, yakajengea kuta, mengine yakakarabatia kanisa la Mtakatifu Demetrio. Chuo Kikuu cha Aristotle leo kimekaa juu ya eneo lile lile.

Makumbusho yenyewe, mtaa wa Agiou Mina, sina neno nayo. Ghorofa ya chini kuna mawe yaliyookolewa, pamoja na picha za makaburi yalivyokuwa mwaka 1914. Ila jiwe likishaingia mle, mgeni anajifunza kwamba Wayahudi waliishi hapa. Likiwa bado ukutani, mwenyeji analazimika kuuliza limefikaje pale, na babu yake alikuwa wapi siku hiyo. Hapo ndipo wengi hawapataki. Chuo kiliweka mnara wa kumbukumbu mwaka 2014, miaka zaidi ya sabini tangu ubomoaji, na hata huo umeshaharibiwa na wahuni zaidi ya mara moja.

Jiwe linalokanyagwa na wapita njia liondolewe hata kesho, hapo sibishani na mtu. Lililo ukutani liachwe, kiwekwe kibao kinachosema limetoka wapi na nani alilichukua, gharama ibebe manispaa.

Linalonisumbua ni jiwe ambalo jina bado linasomeka na ukoo una watu hai. Hapo nani aamue: manispaa, jumuiya ndogo ya Wayahudi waliobaki pale, au wajukuu walioko Israeli na Marekani? Karibuni.