Jino la megalodoni (papa mkubwa wa kale aliyetoweka) au la papa mweupe?

Swali: Wakuu, jino la papa lililogeuka jiwe lina sm 9 kutoka ncha hadi kona ya mzizi. Nitajuaje ni la nani, na mnyama alikuwa na urefu gani?

Jibu 1: Papa mweupe mtoe, meno yake hayafiki sm 8. Tazama kati ya taji na mzizi: megalodoni ana ukanda mweusi wenye umbo la V, ingawa mara nyingi huwa umebanduka. Kisha pitisha ukucha ukingoni. Vijino vidogo vya msumeno, vilivyolingana, ni vya megalodoni. Vya papa mweupe ni vikubwa na havilingani. Ukingo ukiwa laini kabisa, huenda ni papa mwingine wa kale.

Jibu 2: Rangi isikudanganye, hutokana na madini ya udongo, si umri.

Jibu 3: Urefu usiukadirie kwa jino moja! Meno ya pembeni ni mafupi kuliko ya mbele, hivyo papa yuleyule atakupa majibu tofauti. Na mifupa ya kupima hutapata: ni gegedu, huoza. Pingili za mgongo hupatikana kwa nadra. Na usilisafishe kwa siki, asidi hula mzizi. Maji na brashi laini yatosha.