Kopo la supu limelazwa ubavu, simu inasema "Furahia mlo wako!" Sitamtaja, mnamjua

Wakuu, jina sitaji. Mnamjua. Yule yule wa kuleta chakula kwa pikipiki, begi kubwa mgongoni na apu ya kelele. Mfuko uko mlangoni sasa hivi unavuja kama bomba bovu, kopo la supu limelazwa ubavu juu ya chipsi, na simu inalia ting: "Furahia mlo wako!" Nifurahie nini? Niuchote kwa sifongo?

Kopo la supu linakaa CHINI. Wima. Kwenye kimfuko chake peke yake, fundo juu. Hilo nalo linataka cheti? Supu ya moto inatoa mvuke, mvuke unasukuma kifuniko. Kopo likijazwa hadi ukingoni, tuta moja tu barabarani na kifuniko kimeachia. Jikoni wangeacha nafasi ya sentimita 2 tu. Hawaachi. Halafu bwana mkubwa anakata kona utadhani nchi nzima inamkimbiza, anabonyeza "imefika", na ting, "Furahia mlo wako!"

Chipsi ndiyo usiseme. Ukizifungia kwenye boksi lisilo na tundu, mvuke wake unagonga kifuniko, unageuka maji, unazidondokea zenyewe. Dakika kumi, kwisha habari. Hata zikifika za moto zimeshalegea, kwa sababu kinachoziua ni unyevu kabla ya baridi. Tundu mbili pembeni zingetosha. Wao wanazungushia selotepu pande nne, mtu afikiri ndani kuna dhahabu. Soda ya baridi nayo imebanwa ubavuni mwa kuku: unapata kuku wa baridi na soda ya uvuguvugu.

Na ile ramani! Kapikipiki kanaelekea upande mwingine kabisa, mara nyingi maana yake kabeba oda za watu wengine na yako inasubiri. Hapo umelipa ada ya kuletewa, ada ya huduma, ada ya "oda ndogo", na bei ya chakula chenyewe imeshapandishwa kwa sababu mgahawa unakatwa kamisheni inayoweza kufika asilimia 30. Yote hayo ili uambiwe "Furahia mlo wako!" Nani aliwaomba salamu?

Kuanzia leo ni kufuata mwenyewe. Asiyekubali apite kimya kimya.

Mwiko_Mkavu: Povu lote hili kwa kopo moja? Mkuu, nani anapandisha supu pikipiki? Vya kuletewa ni vile vinavyovumilia safari: wali, maharage, mchuzi mzito, nyama ya kuoka. Vya kukaanga vinaliwa pale pale vilipokaangwa.

Tairi_Mbili: Mleta mada unamuonea mtu. Mfuko unafungwa jikoni, unabandikwa stika, na dereva haruhusiwi kuufungua apange upya. Aliyeweka supu juu ya chipsi ni mfungaji, naye mnamjua, ila hamtaki kumsema kwa sababu anawaongezea nyama. Halafu apu inamwita dereva chakula kikiwa bado kwenye moto. Anasubiri kaunta, muda unaohesabiwa ni wake. Ndiyo maana wengine wanabonyeza "imefika" wakiwa bado kona ya pili, wasidaiwe kuchelewa. Na wewe je? Pini ya ramani umeichomeka katikati ya barabara, namba ya mlango hujaandika, simu hupokei.

Mleta mada: Kona ya pili! Kumbe mnakiri. Yaani "Furahia mlo wako!" inakuja mlo ukiwa bado kwenye taa nyekundu.

Mama_Foili: Kufuata mwenyewe nako kuna kanuni zake, usidhani umeokoka. Piga simu mgahawani moja kwa moja, apu iache, bei mara nyingi inashuka hapo hapo. Usiulize "itakuwa tayari saa ngapi", uliza inatoka jikoni saa ngapi, ufike dakika tano kabla, usikute imeshalala kwenye rafu. Fungua mfuko pale pale kaunta, soma risiti mstari kwa mstari. Kifuniko cha supu kibonyeze ukingo mzima hadi kilie tak, sosi zote ziwe pembeni. Kwenye gari weka mfuko sakafuni, mbele ya kiti cha abiria. Kiti kimeinamia nyuma, ukiweka hapo supu inakufuata. Pizza iende tambarare, msiibebe kwapani. Mdomo wa mfuko wa vya kukaanga uache wazi. Harufu gari itapata, vumilia.

Kona_Tatu: Maegesho je? Hilo hamlisemi. Unazunguka jengo mara nne chakula kinapoa ndani. Ukiingia, foleni ya wanaochukua na ya wanaokaa kula ni moja, bango hakuna, na yule wa kaunta anaita namba kwa kunong'ona kana kwamba ni siri ya ndoa.

Mwiko_Mkavu: Huyo wa kaunta!!! "Umeshalipia?" na risiti umeishika mbele ya pua yake.

Jiko_Baridi: Mleta mada, piga picha kabla hujagusa kitu: mfuko, stika, kopo, risiti. Kwenye malalamiko chagua kitu kilichoharibika kimoja kimoja, usibonyeze "oda nzima", wanakurudishia vijisenti vya pole. Chipsi zitandaze kwenye sinia zisipandane, oveni nyuzi 200, dakika tano hivi. Maikrowevu usizipeleke, zitazidi kulegea. Supu iliyobaki itokote kabisa. Cha moto kikae juu ya nyuzi 60. Kikishashuka hapo, masaa mawili mezani ndiyo mwisho wake, kiende friji.

Kijiko_Kimoja: Mnahangaika na supu, vijiko mmepewa? Oda ya watu wanne, kijiko kimoja na tishu mbili.

Tairi_Mbili: Apu nyingi siku hizi kuna kitufe cha kuomba vijiko. Usipokibonyeza huletewi, hiyo si ya dereva.

Kijiko_Kimoja: Kitufe kimefichwa chini ya kuponi! Na hivyo vya mbao vinavyolowa kabla hujafika nusu bakuli, vya nani?

Mleta mada: Jamani, uzi huu ni wa supu.

Kona_Tatu: Supu imeshakauka mkuu. Mimi swali langu ni pakiti za tomato sosi. Zimeandikwa "chana hapa", hazichaniki hata kwa meno.

Mama_Foili: Futa mafuta vidoleni kwanza. Sukuma sosi ishuke mbali na pembe yenye kimkato, ndipo uvute. Ukichana imejaa juu, inarukia shati.

Mwiko_Mkavu: Na ukiomba ya pilipili unapewa mbili za chumvi.

Kona_Tatu: Mbili? Kwenu wana huruma.