Kadi ya RTX, mashine za kukodi, au kurekebisha mandhari kwanza? (Blender, kazi za loji)

Mchoraji_Njiro (Arusha)
Salaam wakuu. Nina kazi ya michoro ya loji inayojengwa upande wa Usa River, na kompyuta yangu inakesha usiku kucha kwa picha moja tu katika Cycles, injini ya Blender (programu ya michoro ya 3D) inayokokotoa picha kwa kufuata miale ya mwanga. Hapa mjini nimeonyeshwa kadi ya michoro ya RTX 3060 iliyotumika. Vilevile nimefikiria kukodi mashine za mtandaoni za kurenda (kukokotoa picha ya mwisho) na kulipia kwa saa. Kwa fedha ileile, lipi lina manufaa zaidi?

Fundi_Sakina (Arusha)
Ndugu, unaomba dawa bila kusema unaumwa wapi. Hujasema kama ni picha tuli au video, unatumia sampuli (miale ya majaribio) ngapi kwa kila pikseli, mandhari yako (vitu vyote vilivyomo kwenye mchoro) inahitaji kumbukumbu kiasi gani, wala pawa saplai yako ni ya wati ngapi. Kadi hiyo hula hadi wati 170, na Nvidia hupendekeza pawa saplai ya wati 550. Uliza pia kama ni ile ya GB 12 au ya GB 8, kwa sababu zote mbili zinaitwa 3060.

Mwalimu_Rau (Moshi)
Kabla ya kununua, chunguza muda unaliwa wapi. Turner Whitted, katika makala yake ya 1980, alieleza kuwa asilimia 75 ya muda katika mandhari rahisi, na zaidi ya 95 katika mandhari ngumu, iliishia kwenye kutafuta mwale umegonga kitu gani. Ndiyo maana leo pembetatu hupangwa katika mti wa masanduku, yaani BVH: mwale ukilikosa sanduku kubwa, vyote vilivyomo ndani yake vinarukwa bila kupimwa kimoja kimoja. Kadi za RTX, zilizoanza kuuzwa 2018, zina sakiti maalumu za kufanya vipimo hivyo vya masanduku na pembetatu. Hata hivyo, kadi haibadilishi hesabu ya chembechembe, yaani vidoa vinavyobaki kwenye picha sampuli zikiwa chache: ukitaka zipungue kwa nusu, sampuli lazima ziwe mara nne, uwe na kadi mpya au ya zamani.

Mchoraji_Njiro
Asante, Mwalimu. Ni picha tuli za sebule na vyumba, pamoja na video fupi ya nje wakati wa usiku. Sampuli ni 4096. Nje nimepanda migunga mingi, na majani yake ni picha zenye uwazi zilizobandikwa kwenye vibapa. Kadi niliyonayo ni ya GB 4 na mandhari haienei, hivyo ninarenda kwa prosesa.

Fundi_Sakina
Basi tatizo lako kubwa ni hayo majani. Kila mwale unaopita kwenye kibapa chenye uwazi hulazimika kusimama, kuuliza kama hapo pana jani au pana tundu, kisha kuendelea hadi kibapa kinachofuata. Hata sakiti za RTX hukatizwa kazi kila swali hilo linapoulizwa, kwa hiyo kadi mpya haitakupa kasi unayoitarajia. Chonga jani lenyewe kwa pembetatu chache, hata kama idadi itaongezeka. BVH huzimudu pembetatu nyingi vizuri kuliko uwazi. Kisha nakili miti kwa Alt+D, si Shift+D, ili mgunga mmoja uhifadhiwe mara moja na nakala zake ziwe ni mahali na mwelekeo tu. Huenda mandhari ikaenea hata katika hiyo GB 4.

Mama_Pasua (Moshi)
Kuhusu mashine za kukodi, naomba nieleze yaliyonikuta. Nilikuwa na video ya nyumba ya wageni wakati wa usiku, yenye taa nyingi ndogo kwenye baraza. Nilifanya majaribio kwa Blender 3.5, toleo lililoleta mti wa taa, ambao kwa kila mwale huchagua taa zenye uwezekano mkubwa wa kuangaza mahali husika badala ya kuzichagua bila kujali umbali. Nyumbani picha zilikuwa safi. Nikapakia faili, kazi iliyomaliza bando langu lote, nikalipa, na video ikarudi ikiwa imejaa chembechembe. Baada ya kubishana nao kwa barua pepe ndipo waliponiambia kuwa mashine zao zilikuwa na toleo la zamani, lisilo na mti huo. Sampuli zilikuwa zilezile, mandhari ileile. Waliniambia nipitishe kisafisha chembe, yaani programu ya kufuta chembechembe picha ikishakamilika, nikafanya hivyo, na mapazia yakaanza kuchemka kama maji kwa sababu kila fremu ilisafishwa peke yake. Fedha hazikurudishwa. Ukiamua kukodi, uliza namba ya toleo kabla ya bei.

Kijenge_3D (Arusha)
Pole, Mama. Lakini tusikihukumu kisafisha chembe kwa kosa la wengine. Kwa picha tuli, OpenImageDenoise inayokuja na Blender hutosha kabisa, hasa ikipewa pia rangi asilia ya vitu na mwelekeo wa nyuso zao. Hiyo 4096 ndiyo idadi inayokuja na programu tangu toleo la 3.0, hakuna aliyeipima kwa ajili ya sebule yako. Weka 512 na usafishe.

Mwalimu_Rau
Sikubaliani kwa kazi ya majengo. Kisafisha chembe hukisia kile ambacho miale haikukiona, na mteja anayelipia mkeka wa ukili hataki kuletewa mkeka uliolainishwa. Afadhali kuielekeza miale vizuri tangu mwanzo: weka lango la mwanga kwenye kila dirisha la sebule, ili miale itafute anga kupitia madirishani badala ya kupotelea kutani.

Kijenge_3D
Mwalimu, malango hayo yanasaidia pale tu mwanga unapotoka angani, na kila moja lina gharama yake ya kukokotoa. Kama sebule ni ya usiku, ni kazi bure.

Mchoraji_Njiro
Sebule mbili ni za mchana, moja ni ya usiku. Muuzaji wa kadi ananipigia simu tangu asubuhi.

Mwalimu_Rau
Mwache apige. Chukua sebule moja ya mchana, kata kipande kidogo chenye mkeka na pembe ya dirisha, ukirende kwa sampuli 512 mara mbili, chenye lango na kisicho na lango, bila kusafisha. Weka picha zote mbili hapa pamoja na muda wa kila moja, ndipo mimi na Kijenge tubishane juu ya kitu kinachoonekana.