Vikokotoo vya HP (nguvu ya farasi): muda unasema 235, spidi inasema 356, daino inasema 298. Nishike ipi?

JZX_Njiro

Habari wakuu. Naomba msaada wa hesabu kabla hela haijatumika zaidi.

Gari ni Toyota Mark II JZX100, injini 1JZ-GTE ya VVT-i, gia otomatiki nne. Turbo ni ya kiwandani, busti (presha ya hewa inayosukumwa na turbo) imepandishwa hadi bar 1.0. Eksozi inchi 3, intakula (kipoza hewa ya turbo) ya mbele, nozo za mafuta za kiwandani cc 380, difu ya kawaida isiyo na LSD (difu inayozuia tairi moja kuserereka), matairi ya kawaida ya barabarani. Kadi ya gari inasema kilo 1,480.

Vipimo vya robo maili (mita 402), Arusha, kipande cha lami kilichofungwa kwa ruhusa, saa nane mchana, joto nyuzi 28:

Kifaa cha GPS kinachosoma mara 10 kwa sekunde: sekunde 14.0, spidi ya mwisho 170 km/h, futi 60 za kwanza sekunde 2.5.
Dashibodi mwisho wa mbio: 180 km/h.

Nikiingiza muda kwenye kikokotoo napata HP 235. Nikiingiza 180 ya dashibodi napata 356. Daino ya Nairobi, ile mashine ya rola ya kupimia nguvu ya gari, ilitoa 298 kwenye magurudumu. Ukigawa kwa 0.82 kufidia gia boksi na difu unapata 363, ambayo iko jirani kabisa na 356. Kwa hiyo naona spidi na daino vinakubaliana, muda ndio unaodanganya. Nipo sahihi?

KipimoMoshi

Muda haudanganyi, ila haujibu swali lako. Na zile mbili zinazokubaliana zimekubaliana kwa bahati mbaya. Tuanze na hesabu, maana vikokotoo vingi vya mtandaoni vinatumia kanuni mbili tu na kukuficha kilichomo ndani. Kwa vipimo vyetu ziko hivi:

HP kwa spidi = kilo × (km/h ÷ 289.4) kipeo cha 3
HP kwa muda = kilo × (7.58 ÷ sekunde) kipeo cha 3

Ukikuta kikokotoo cha Kimarekani chenye 234 na 5.825, ni hizohizo kwa pauni na maili.

Kilo ni za gari likiwa linakimbia, siyo za kadi. Wewe umeweka 1,480 kana kwamba gari lilikuwa linajiendesha. Dereva wa kilo 80 anakufikisha 1,560, na kama kulikuwa na abiria, spika kubwa kwenye buti au tenki limejaa, ongeza. Kila kilo 50 zinabadilisha jibu kwa HP 10 hivi. Tafuta mizani ya wauza vyuma chakavu au ya ghala la mazao, ulipie, upime ukiwa umekaa ndani.

Kwa kilo 1,560:
muda 14.0 unatoa HP 248
spidi 170 inatoa HP 316
spidi 180 inatoa HP 375

Ona hiyo ya mwisho. Km 10 za dashibodi zimezaa farasi 59, kwa sababu spidi inapigwa kipeo cha tatu. Dashibodi hutengenezwa zisome juu ya spidi halisi, kamwe zisiwe chini. Kanuni za kimataifa zinaruhusu hadi asilimia 10 na km 4 juu yake. 180 ya dashibodi kwa 170 ya GPS ni jambo la kawaida kabisa. Usiingize dashibodi kwenye kikokotoo chochote.

Sasa kwa nini 248 na 316? Zidisha muda wako kwa spidi yako: 14.0 × 170 = 2,380. Kanuni hizi mbili zinakubaliana pale tu jibu likiwa karibu na 2,190. Likizidi, gari limepoteza muda mwanzoni. Likipungua, gari limechomoka vizuri lakini limeishiwa pumzi huko mbele. Subaru za AWD (zinazovuta kwa magurudumu yote manne) ndiyo tabia yao. Kwa spidi ya 170, gari linaloondoka vizuri lingemaliza kwa sekunde 12.9. Wewe umeacha sekunde 1.1 pale mwanzoni, na futi 60 za 2.5 zinathibitisha. Sehemu ya kumi ya sekunde ukiipata kwenye futi 60, mwisho wa mbio inakuwa kama sekunde 0.15, wakati spidi ya mwisho haisogei sana. Ndiyo maana nguvu ya injini hupimwa kwa spidi, na muda unapima miguu: matairi, difu, na namna ya kuondoka.

Halafu angalia kwenye mipangilio ya kifaa kama kile kipengele cha kuanza kuhesabu baada ya futi moja kimewashwa. Kwenye viwanja vya mashindano saa haianzi mpaka tairi limesogea kutoka kwenye mwale wa taa ya kuanzia, na hapo sekunde 0.2 hadi 0.3 hupotea bila kuhesabiwa. Vikokotoo vimetengenezwa kwa muda wa aina hiyo. Kama chako kimezimwa, 14.0 yako ni 13.7 ya kiwanjani, na HP 248 inageuka 264.

FundiUngaLtd

Mkuu hapo juu kaeleza vizuri, niongezee kitu kuhusu hiyo namba 289.4 (au 234 ya Wamarekani), maana watu wanaichukulia kama msahafu.

Chukua gari la kufikirika: linatoa nguvu yake ya juu kabisa kuanzia taa ya kijani hadi mstari wa mwisho, halina upinzani wa hewa, tairi haliserereki, gia hazibadilishwi. Fizikia tupu inakupa 281 badala ya 234. Ukipiga kipeo cha tatu, 234 ni sawa na kusema asilimia 58 tu ya nguvu ya juu ndiyo iliyofanya kazi kwa wastani. Ile asilimia 42 iliyobaki imekisiwa kwa niaba yako: kubadilisha gia, injini kuwa chini ya rpm zake nzuri, upepo, msuguano. Ni wastani wa magari ya watu wengine. Otomatiki ya gia nne yenye nafasi kubwa kati ya gia na gari la gia sita havistahili namba moja. Kwa hiyo 316 yako isome kama "kati ya 290 na 340", hata kama kikokotoo kinakuandikia 316.2 kwa desimali. Kikokotoo na Mtanzania wana ugomvi wa muda mrefu, waulize wastaafu.

Swali kwako: lami ilikuwa tambarare? Kifaa huwa kinaonyesha mteremko.

JZX_Njiro

Inaonyesha −1.0%. Upande mmoja tu ndio uliopimwa. Dereva peke yake, tenki nusu.

FundiUngaLtd

Basi hapo toa. Asilimia moja ni mita 4 za kushuka kwenye mita 402. Kwa gari lako hiyo ni zawadi ya km 2 na ushee kwa saa, yaani asilimia 4 ya HP. 316 inashuka hadi 304 hivi. Mji wetu umelala kwenye kiuno cha Meru, lami iliyo tambarare kweli ni ya kutafuta kwa tochi. Pima kwenda na kurudi, kokotoa HP kila upande, kisha gawa kwa mbili. Usichukue wastani wa spidi wakati upande mmoja ulikuwa na upepo wa nyuma na mwingine umetulia. Rudia mpaka hali ifanane.

Na kwa wasomaji wengine: Bypass na barabara ya Moshi siyo viwanja vya kupimia. Bodaboda na ng'ombe hawasomi GPS.

HewaNyepesi

Mimi naja na daino, kwa sababu 298 ndiyo inayokupoteza.

Tafuta ile karatasi. Pembeni au chini pameandikwa SAE, STD au DIN (viwango vya kurekebisha namba kwa hali ya hewa), na namba ya marekebisho. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600, kwa hiyo marekebisho ya SAE yanaangukia 1.24 au karibu. Maana yake mashine ilipima kitu, ikakizidisha kwa 1.24 kukisia gari lingetoa nini kwenye presha ya kawaida ya nyanda za chini. Gawa: 298 ÷ 1.24 = 240. Hiyo ndiyo nguvu iliyoguswa na rola siku ile.

Marekebisho hayo yalitengenezwa kwa injini zisizo na turbo, ambazo hewa ikipungua nazo zinapungua. Gari lenye turbo linajifidia lenyewe kwa sehemu kubwa. Mfano: Arusha mjini, kwenye mita 1,400, presha ya hewa ni kama milibari 856. Busti ya 1.0 ni juu ya hiyo, kwa hiyo injini inakula 1.86 kwa jumla. Dar, busti hiyohiyo, inakula 2.01. Tofauti ni asilimia 8. Kulizidishia gari la turbo 1.24 ni kuligawia farasi wasiokuwepo. Altezza au Mark II ya injini ya 1G isiyo na turbo, hapo sawa, itumie.

Sasa 240 kwenye magurudumu, otomatiki yenye tokikonveta, upotevu wa asilimia 20 au 21: inakuletea 300 hadi 304 kwenye injini. Umeona? Inakutana na ile 304 ya spidi baada ya kutoa mteremko. 356 na 363 zilikutana kwa sababu dashibodi ilitia chumvi na daino nayo ikatia chumvi, kwa kipimo kinachokaribiana.

Tahadhari moja kwa wanaopenda kurekebisha hali ya hewa wenyewe: programu ya hali ya hewa kwenye simu inakuandikia milibari 1,015 ukiwa Clock Tower. Hiyo imeshushwa hadi usawa wa bahari kwa hesabu, siyo presha unayovuta. Ukiiingiza kwenye kikokotoo, umekiambia uko Tanga. Weka presha ya mahali ulipo. Simu zenye sensa ya presha zinaionyesha kwa programu ndogo tu.

Halafu joto. Arusha kwenye nyuzi 28 hewa ni nyepesi kama ya mwinuko wa mita 2,200. Asubuhi kwenye nyuzi 15 ni kama ya mita 1,730. Moshi, kwenye mita 850 na joto la 32, ni kama ya mita 1,670. Kwa hiyo anayesema "twende Moshi kuna hewa nzito" yuko sahihi tu kama watapima saa ileile. Arusha alfajiri na Moshi mchana ni karibu kitu kimoja.

Nozo6

Kuna njia ya nne ambayo haihitaji lami wala daino: mafuta. Injini haiwezi kutoa nguvu ambayo hailishwi.

Nozo 6 × cc 380 = cc 2,280 kwa dakika. Gawa kwa 10.5 kupata pauni kwa saa: 217. Injini ya turbo ya petroli inakula kama pauni 0.58 hadi 0.60 kwa kila farasi kwa saa. Nozo zikiwa wazi asilimia 85 ya muda, ambapo fundi mwenye akili anasimama, unapata HP 308 kwa 0.60. Kufikia 375 kwa 0.58 zingehitaji kukaa wazi muda wote bila kufunga, na mchanganyiko wa hewa na mafuta ungekuwa umeshakauka kule juu. Ungesikia injini ikigonga kabla hujasoma spidi.

Nakubaliana na 300 na kidogo. Ila siafiki kuiita 304. Presha ya mafuta ikiwa imeshuka kwa pampu iliyochoka, hesabu yangu inashuka nayo, na upotevu wa gia boksi hakuna aliyeupima hapa, tumeukisia ili namba zikutane. Pima presha ya mafuta chini ya busti kwanza. Lazima ipande bar moja kwa kila bar ya busti. Isipopanda, usiguse kitu kingine.

KipimoMoshi

Nozo6 yuko sawa, upotevu tumeukisia. Ndiyo maana kikokotoo nakiamini zaidi kwa kulinganisha gari na lenyewe: badilisha kitu kimoja, saa ileile, mafuta kiwango kilekile, pande zote mbili, halafu tazama km/h. Kwako km 1 ni kama HP 5.6. Lakini mbio na mbio zinatofautiana hata km 1 au 2 bila kugusa chochote, kwa hiyo kichujio cha hewa kinachodaiwa kuongeza HP 10 hutakiona. Mabadiliko ya HP 30 utayaona wazi.

Kwa sekunde zako: shusha upepo wa matairi ya nyuma hadi PSI 26, tafuta LSD, na usitegemee busti ije mapema. Kwenye hewa hii turbo inachelewa kuamka, na kabla haijaamka unaendesha injini ya kawaida ya lita 2.5 iliyopunguziwa hewa. Kushika breki na kupandisha rpm kidogo kabla ya kuondoka kunasaidia otomatiki, sekunde mbili tu, usichemshe mafuta ya gia.

HewaNyepesi

Chalii yangu, kabla hujaondoka, hiyo busti ya 1.0 iangalie upya. Turbo haijali geji, inajali uwiano wa presha inayotoka kwa inayoingia. Arusha, 1.0 ni uwiano wa 2.17, Dar ingehitaji busti ya 1.18 kufikia hapo. Gurudumu la eksozi la turbo ya kiwandani ya JZX100 ni la seramiki, na watu wanaojua wanaanza kuogopa kwenye 1.0 ya usawa wa bahari. Likikatika, vipande vinatokea kwenye eksozi na unanunua turbo nyingine. Kwa huku, uwiano uleule wa 1.0 ya Dar unaupata kwa 0.85. Weka hapo mpaka upate turbo ya chuma.

JZX_Njiro

Asanteni wakuu. Karatasi ya daino imeandikwa SAE, 1.24. Busti inashuka 0.85 wiki hii, presha ya mafuta inapimwa kwanza, halafu pande zote mbili saa kumi na mbili asubuhi. Namba zitawekwa hapahapa.