Kuchonga kitako cha mbao cha bunduki ya upepo ya springi

msumeno_butu: Wakuu, bunduki ni ya springi, inayokokiwa kwa kukunja mtutu, 4.5 mm, kazi yake kulenga shabaha tu. Kitako cha plastiki ni kifupi, nataka kuchonga cha mbao. Vipimo vikoje? Halafu kila ikifyatuka inalia "twiing" na matundu yanatawanyika. Hilo nalo ni la kitako?

fundi_randa: Mbao ngumu, iliyokauka hadi unyevu wa asilimia 8 hadi 12. Ikiwa mbichi itapinda baada ya kuchongwa. Angalia nyuzi za shingoni, pale mkono unaposhika: zifuate urefu wa shingo. Zikikatisha mshazari, hapo ndipo itakapovunjika.

Kutoka triga hadi mwisho wa kitako, mtu mzima huhitaji kama sm 33 hadi 36. Kunja kiwiko pembe mraba, pima kuanzia mkunjo wake hadi pingili ya kwanza ya kidole cha shahada. Ongeza sm 1, jaribu begani, ndipo upunguze.

Mfereji wa silinda (bomba la chuma lenye springi) uchonge KABLA ya umbo la nje, mbao ikiwa bado mraba, maana inakaa vizuri kwenye jiriwa. Paka silinda masizi ya mshumaa, ilaze mferejini, inyanyue. Penye weusi ndipo pa kukwangua. Rudia mpaka weusi uenee sawasawa. Kazi ya kuchosha, lakini kitako kizuri kinapatikana hapo, si kwenye msasa.

Malizia na mafuta ya linsidi (mbegu za kitani), mikono minne au mitano myembamba. Matambara yaliyolowa linsidi usiyarundike, hujipasha moto na kuwaka yenyewe. Yatandaze nje.

pistoni: Huo mlio si wa kitako. Springi imepwaya kwenye mhimili wake wa ndani, inatetemeka. Kereza mhimili mpya wa nailoni, springi iingie kwa kusukumwa kidogo na mkono. Grisi ya molibdenamu, utando mwembamba tu. Mafuta yakifika kwenye chumba cha mgandamizo, hewa iliyogandamizwa huyawasha kama injini ya dizeli: moshi, mlipuko, sili (kizibo kinachozuia hewa kuvuja) inaungua.

Usiifungue bila kibano cha springi! Hata isipokokiwa, springi imebanwa sentimita kadhaa humo ndani. Ukichomoa pini, inakurukia usoni. Na usishawishike kuweka springi kali zaidi. Inaongeza mrusho wa bunduki kuliko kasi ya risasi, tena kuna sheria: Ujerumani nguvu ya risasi ikizidi jouli 7.5 inataka kibali, Uingereza ikizidi 16 hivi inataka cheti cha silaha.

shabaha10: Kabla ya yote hayo, kaza skrubu za kitako. Springi hurusha bunduki nyuma, kisha pistoni ikigonga mwisho inairudisha mbele, kwa hiyo skrubu hulegea haraka. Weka washa zenye meno, na tone la gundi dhaifu ya kuzuia skrubu isilegee. Mbele usiibane, ilaze juu ya kiganja kilicho wazi. Darubini nayo iwe ya bunduki za springi. Nyingine hazihimili ule mrusho wa mbele.

msumeno_butu: Skrubu ya mbele kushoto inazunguka kwa kidole. Imekazwa, matundu yamesogeleana. "Twiing" bado iko palepale.

pistoni: Ndiyo, hiyo inasubiri nailoni.