Wenye magari ya petroli, ile ni chaja, si paki!

Wakuu, leo nimekuja kutoa povu, asiyetaka kulowa apite pembeni. Nimefika hapa kwenye maegesho betri ya gari langu la umeme ikiwa asilimia 9, mvua inapiga kioo, na mbele yangu zipo chaja mbili nzima kabisa, taa zake za kijani zinawaka, hakuna anayezitumia. Nafasi ya kwanza imekaliwa na jipu la dizeli. Ya pili kuna kigari cha petroli kimeegeshwa kimshazari, tairi ya nyuma imekanyaga mstari, kana kwamba mwenyewe aliona kuziba chaja moja ni ubahili.

Nikashuka nikamfuata mlinzi. Mzee wa watu, mwavuli mkononi, nikamwamkia akaitikia vizuri. Nikamweleza shida yangu. Akaniambia, "Mwanangu, gari ni gari. Wamekuta wazi, wamepaki." Nikamwonyesha kibao kilichoandikwa MAGARI YA UMEME TU, herufi kubwa, juu ya chaja. Akakitazama kwa muda, akasema, "Hicho wameweka wenye mitambo. Mimi nimekabidhiwa geti."

Sina ugomvi na yule mzee. Hajapewa namba ya kupiga, hajapewa daftari la kuandika magari yanayokosea, hajaambiwa hata yale makabati mawili yana kazi gani. Anayeniudhi ni yule aliyekata utepe siku chaja zinazinduliwa, akapigwa picha, akaondoka na mkasi wake.

Dakika 35 baadaye mwenye kigari akatokea, mifuko mikono yote miwili. Nikamwambia kwa upole (nilikuwa bado nina upole wakati huo) kwamba hapa ni mahali pa kuchajia. Akanijibu, "Aah kaka, nimekaa dakika mbili tu. Halafu mbona palikuwa patupu?"

Patupu! Hilo neno ndilo limenifanya nifungue uzi. Ndugu zangu, chaja inatakiwa iwe tupu. Ikiwa tupu ndiyo iko kazini, inamsubiri mwenye shida. Choo kikiwa kitupu hukigeuzi stoo. Lango la gari la wagonjwa likiwa tupu huendi kutandika biashara pale. Sasa kwa nini nafasi yenye mtambo wa umeme, iliyopakwa rangi ya kijani chini na kuchorwa plagi kubwa kama mlango, ukiikuta tupu unaona ni bahati yako?

Hebu tugeuze kibao. Unaingia sheli, taa ya mafuta imewaka tangu kilomita kumi zilizopita. Pampu ya kwanza kuna gari limefungwa, mwenyewe kaenda kunyoa. Pampu ya pili kuna gari la umeme, mwenyewe kaenda kula, kaacha hazadi zinawaka eti ndiyo ustaarabu. Unamuuliza mhudumu, anakwambia gari ni gari. Nani kati yenu angekaa kimya? Mngepiga honi mpaka vioo vya jirani vitikisike. Sisi tukilalamika tunaambiwa tunaringa.

Na afadhali hata ya sheli, maana pale mtu akimaliza kujaza dakika tano anaondoka na foleni inasogea. Kuchaji ni habari ya muda. Betri yangu inabeba umeme wa kilowati-saa 60, yaani uniti 60. Kwenye chaja ya polepole ya kilowati 7, kuijaza yote ni zaidi ya saa 8, yaani usiku mzima. Kwenye hii ya kasi ya kilowati 50, kutoka asilimia 10 hadi 80 ni kama dakika 50 mambo yakienda sawa, na baada ya 80 gari lenyewe linapunguza kasi ili kulinda betri. Kwa hiyo zile dakika 35 za "dakika mbili tu" zingeniingizia kilowati-saa 29 hivi, umeme wa kunipeleka zaidi ya kilomita 150. Kilomita zangu 150 zimeliwa na mtu aliyeogopa kutembea hatua arobaini kwenye mvua.

Halafu nikiishiwa njiani sina pa kukimbilia. Wewe ukizimikiwa, rafiki anakuletea petroli kwenye jerikani, unamimina, safari inaendelea. Umeme hauna jerikani. Kuna magari ya umeme ambayo betri ikikaribia kukata roho dashibodi inakuchorea kobe. Kobe kweli, na gamba lake! Ukimwona huyo ujue kinachofuata ni kusukuma hadi kando ya barabara na kuita gari la kubeba. Na si la kuvuta kwa kamba, maana mengi ya haya magari hayaruhusiwi kukokotwa huku matairi yanayoendeshwa na mota yanazunguka chini, mota inageuka kuwa jenereta na unaweza kuiharibu. Inabidi lije lenye kitanda, libebe gari zima mgongoni.

Kitu kingine ambacho wenye mafuta hawakijui, na hapa siwalaumu, ni habari ya kebo. Kebo za hizi chaja za kasi ni fupi na nzito, ukiinua unadhani umeshika mkono wa mtu aliyezimia. Tundu la kuchajia nalo kila gari lina mahali pake: puani, ubavu wa mbele kushoto, nyuma kulia. Kwa hiyo mtu akikwambia "si kuna nafasi hapo jirani, jibane", jirani haisaidii. Kebo haifiki, au inafika kwa kupita juu ya boneti la mwenzako. Ndiyo maana kigari kimoja kilichokaa kimshazari kinaweza kuzima chaja mbili bila kugusa waya wowote.

Sasa nije kwenye hoja moja ambayo naikubali, msije mkasema nabisha kila kitu. Mara nyingi mtu wa petroli ananiambia, "Nyie mnapendelewa, mmewekewa nafasi mlangoni kabisa." Ni kweli. Na mimi nasema kuziweka mlangoni ni ujinga wa waliopanga. Wakati mwingine kuna sababu ya kifundi, umeme unatoka kwenye jengo na kila mita ya kuchimba mtaro ni gharama. Lakini mara nyingi wamefanya kwa maonyesho tu, chaja ionekane na kila anayeingia. Matokeo yake wamechukua nafasi inayotamaniwa kuliko zote wakamkataza kila mtu kwa kibao kimoja. Mvua ikinyesha kibao kina nguvu gani? Zipelekeni mwisho wa uwanja kule ukutani. Mimi nitatembea. Nikishachomeka nina karibu saa nzima ya kutembea hata nikitaka kuzunguka jengo lote. Mvivu wa mlangoni hatakuja kule, na nusu ya ugomvi huu itakuwa imeisha bila faini wala mlinzi.

Wapo pia wanaofanya makusudi. Jambo hili limezoeleka kiasi kwamba waongeaji wa Kiingereza wamelitungia kitenzi, wamechukua herufi ICE, kifupi cha injini ya mwako wa ndani (hizi za petroli na dizeli), ambazo kwa lugha yao zinasomeka kama barafu. Mwishoni mwa 2018 kule North Carolina, Marekani, wenye pikapu walipanga magari yao mbele ya chaja za Tesla, kampuni ya magari ya umeme, kwa ubishi tu. Mimi binafsi wa hivyo sijakutana naye. Niliyewahi kukutana naye ni mjanja zaidi: gari la petroli, kifuniko cha tangi kimefunguliwa, kichwa cha kebo kimeegemezwa pale ili kwa mbali lionekane linachaji. Nilicheka kwanza, hasira ikaja baadaye. Mtu huyo hawezi kusema hakuona kibao.

Na wenzangu wa umeme msijifiche nyuma yangu, nanyi nawaona. Gari limefika asilimia 100 tangu saa nne, mwenyewe yuko ndani anatazama filamu. Gari la umeme limeegeshwa kwenye chaja bila kuchomekwa, eti "na mimi si wa umeme?" Kwa mtu mwenye asilimia 9, gari lako lisilochaji lina tofauti gani na jipu la dizeli? Afadhali dizeli, maana mwenye jipu hajui kobe ni nini. Wewe unajua.

Kwa hiyo naona swali la "gari lako ni la aina gani" ndilo linalotupoteza. Swali liwe: umechomeka au hujachomeka? Sheria ya California iko hivyo. Inakataza kuacha gari kwenye nafasi iliyotengwa kuchajia isipokuwa limeunganishwa kwa ajili ya kuchaji, na likikutwa kinyume linaweza kuvutwa. Hapo hata mlinzi asiyejua kutofautisha magari anaweza kusimamia. Anatazama kebo tu. Ujerumani wao tangu 2015 wana sheria inayoruhusu miji kutenga nafasi za magari ya umeme, na wakaanzisha namba za gari zinazomalizika na herufi E ili yatambulike kwa mbali. Si mbaya, ila E haikwambii kama gari linachaji au limelala.

Kwa wale wanaojaza betri na kujisahau, Tesla walilimaliza tangu mwishoni mwa 2016: gari likishajaa na kituo kimebanana, ukiendelea kuliacha pale unatozwa kwa kila dakika. Mtu aliyekuwa hasikii maombi alianza kusikia simu. China nako vituo vingi vimefunga vizuizi vya chuma sakafuni, katikati ya nafasi. Kimesimama wima muda wote, unakishusha kwa programu ya simu ukishafika. Hakuna mjadala, hakuna "dakika mbili tu". Gari la petroli linaweza kukipanda likitaka, ila litashuka bila sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Sasa hivi nimechomeka, nafasi ya kile kigari, ndiyo maana nimepata muda wa kuandika yote haya. Asilimia 31. Jipu bado lipo, naliona kwenye kioo cha pembeni, halina hata aibu ya kuwasha hazadi. Pembeni yangu kuna dada ameingia na gari la umeme, ameona jipu, ameniangalia, nimemwonyesha vidole kuwa bado nusu saa. Amezima gari anasubiri. Huyo naye dakika zake zinaliwa na mtu ambaye hata hamjui.

NYONGEZA: Nimesoma maoni. Anayesema "nunueni chaja ya nyumbani mtuachie paki zetu", mkuu, wengi tunakaa ghorofani, gari linalala uwanja wa pamoja, nivushe waya dirishani ghorofa ya nne? Na aliye na chaja nyumbani naye husafiri. Chaja ya kasi haikuwekwa kwa ajili ya aliye mlangoni kwake.

NYONGEZA 2: Nyie mnaonishauri nitoe upepo matairi ya jipu, asanteni kwa moyo, lakini fikirini kidogo. Nikilitoa upepo si ndiyo litakaa pale hadi kesho? Nataka litoke, nyie mnanishauri nilifunge. Kulikwaruza nako ni kesi, tena nitakuwa mimi ndiye mwenye kosa. Ninachofanya siku hizi ni kupiga picha moja inayoonyesha kibao, chaja na namba ya gari kwa pamoja, pamoja na saa, na kuituma kwa mwenye kituo na kwa uongozi wa jengo. Sizibandiki mtandaoni, kwa hiyo msiniombe namba za huyu wa leo. Mwenye kituo ndiye anayeumia zaidi, kila saa jipu likikaa pale mtambo wake hauuzi kitu. Nashangaa yeye na uongozi wa jengo hawajawahi kukaa meza moja.

NYONGEZA 3: Mwenye jipu ametoka. Alikuwa kwenye kikao, saa tatu nzima. Mtu mstaarabu sana, akaniuliza, "Kwani hizi zinafanya kazi? Nilidhani pambo." Sikuwa na jibu. Dada ameshaingia, amechomeka.

Meneja wa jengo amekubali kuniona Jumatatu. Nataka kumwomba mambo matatu tu: mlinzi apewe maelekezo ya maandishi, kibao kibadilishwe kiseme WANAOCHAJI TU, na vile vizuizi vya chuma. Hicho cha tatu najua ataniuliza vinafungwaje na vinashikaje na mtambo. Mwenye uzoefu navyo, hasa kama vinastahimili maji yakituama, atupie maelezo hapa kabla ya Jumatatu.